Batri ya Jipu na Taa ya Safi

Mkunga alipoondoa mikono yake tumboni pa Safi, hakusema na Safi, alimgeukia Sumaili, mume wa Safi. Mtoto amekingama, alisema, kama gogo lililoangukia njia. Uchungu ukianza hapa Kindu, hakuna mkono utakaomgeuza. Avushwe Lualaba mapema, apelekwe hospitali ya masista upande wa Kalima, atolewe kwa kisu.

Sumaili akaitikia kwa kichwa. Gari la jipu alikuwa nalo. Ila jipu lenyewe, jamani, lilikuwa kitendawili.

Kompyuta yake ya kiwandani, ile inayoiambia motere, yaani injini, inywe petroli, esanse, kiasi gani, ilikuwa imeungua, na Zaire ya miaka ile mtu hakungoja kiwanda. Mchuuzi mmoja akamletea nyingine kutoka Bujumbura, ya watengenezaji wengine kabisa, kasanduku keusi kenye vifungo. Fundi Okito aliifunga chini ya usukani, akaanza kuifundisha: anabonyeza, anasikiliza, wanapanda mteremko wa bandari, wanarudi, anabonyeza tena. Ilipofika alasiri motere ikaimba. Sumaili akamwambia mkewe afunge nguo zake, kesho asubuhi wanavuka.

Asubuhi jipu liliwaka likikohoa. Moshi mweusi, mtetemo wa mgonjwa wa malaria, na katikati ya mteremko likazimika. Safi akashuka kwa mkono wa mama mkwe wake, Bibi Aziza, wakarudi nyumbani polepole, watu wakiwatazama.

Okito akasema ni buji, zile plagi za kuwashia. Akazibadilisha, akaifundisha kompyuta upya. Alasiri ikaimba, asubuhi ikakohoa. Akasema ni esanse, wauzaji wanaitia maji. Wakamwaga tangi, wakachuja kwa kitambaa. Alasiri wimbo, asubuhi kikohozi. Akasema basi ni umande wa mtoni unaoingia kwenye nyaya. Wakaifunika motere blanketi, na jirani akauliza juu ya ua kama jipu nalo lina mimba. Sumaili hakucheka. Tumbo la mkewe lilikuwa linashuka, naye alianza kulisikiliza jipu na tumbo kwa hofu ile ile moja.

Siku hizo Safi aliogopa giza. Mafuta ya taa yalikuwa yamepotea mjini, basi Sumaili akafanya kama wenye magari wote wa Kindu: kila jioni alichomoa batri, akaiweka barazani, akavuta waya mrefu hadi kitandani, balbu ndogo ikawaka, na asubuhi batri ikarudi garini. Bibi Aziza alikaa chini yake akimtegea mkwewe vitendawili, asipate nafasi ya kuwaza.

"Niko na mutoto," alisema. "Akiamuka, nyumba nzima inaamuka."

"Njo taa, mama. Hiyo ulishatega jana."

"Na jana ulijibu vizuri. Sasa unaringa."

Jioni moja balbu ikapasuka, na nyingine haikupatikana. Sumaili hakuwa na sababu ya kuchomoa batri, akaiacha garini. Asubuhi akageuza ufunguo bila tumaini lolote. Motere ikaimba.

Alibaki ameshika usukani. Buji zile zile. Esanse ile ile. Blanketi hata alisahau kuliweka. Kisha macho yake yakaangukia batri. Kila jioni, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa akiinyima kompyuta umeme, nayo ikasahau kila ilichofundishwa mchana.

Okito alipoambiwa, alikaa kitako juu ya sanduku lake la spana. "Ile ya kiwandani ilikuwa inalala njaa na inakumbuka," alisema. "Hii ukiinyima chakula, hata jina lake inasahau."

Hakumaliza. Bibi Aziza aliita kutoka ndani. Uchungu umeanza.

Walimlaza Safi nyuma ya jipu, juu ya godoro lililofungwa kwa kitu cha kwanza kilichoonekana, wakashuka bandarini, wakaingia moja kwa moja juu ya kivuko. Nahodha Kalume alikuwa ameketi juu ya kamba zake. Batri ya kivuko ilikufa zamani, na desturi ilijulikana: gari linalovuka ndilo linaloazimisha yake.

"Leta batri, sitwayen, mwananchi mwenzangu. Kidogo tu, tunawasha, unarudishiwa."

Sumaili hakusogea. Akiitoa, jipu lingesahau, na ng'ambo kulikuwa na kilima. Asipoitoa, wangebaki hapo. Mtumbwi ungewavusha, lakini ng'ambo hapakuwa na gari.

"Kalume, ndugu yangu," alisema, "nikikupa, bibi yangu Safi anakufa. Nikikunyima, anakufa."

Kalume akachungulia nyuma ya jipu, akavua kofia.

Safi alilia, akajipinda, na kamba ya godoro ikakazika. Hapo Sumaili akaiona. Haikuwa kamba. Ulikuwa waya wa taa.

Akaufungua kwa meno. Okito alielewa kabla ya kuambiwa: wakaunga ncha za upande mmoja kwenye batri, za upande mwingine kwenye nyaya za jipu, ndipo wakaichomoa batri na kuibeba hadi kwenye motere ya kivuko, waya ukiifuata nyuma kama kamba ya mbuzi, kompyuta ikiendelea kula. Okito alishika maungio kwa vidole, na Sumaili akamwambia hata asikohoe. Motere ya kivuko ikaguna, ikakataa, ikaguna tena, ikashika.

Katikati ya mto Safi akanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kilio. "Niko na mutoto," Bibi Aziza alimwambia sikioni. "Akiamuka..." Safi hakujibu.

Ng'ambo wakairudisha batri, waya ukatolewa mwisho. Sumaili akageuza ufunguo. Motere ikaimba, kilima kikapandwa.

Masista walimpokea Safi, mlango ukafungwa. Okito alimwambia Sumaili azime gari, halitasahau tena. Alikataa. Aliliacha likinguruma uani, likila esanse yote, wao watatu wakingoja barazani, hadi mtoto alipolia ndani.

"Na mama yake?" Sumaili aliuliza mlango ulipofunguka.

Sista alikuwa amechoka. "Anaishi. Anaomba tuzime taa, anataka kulala."

Sumaili akavuka ua, akaingiza mkono dirishani mwa jipu, akazima motere.