Miezi Sita ya Sekela

Bajaji ilikuwa imeshaiacha Mbugani na inaelekea Kasumulu mpakani, begi langu nimelibana kati ya magoti, ndipo nikakumbuka kofia. Ilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Sikumwambia dereva ageuze. Kofia nimeacha Tunduma, nimeacha Mbamba Bay, moja ilibaki Nkhata Bay kwa mwanamke aliyekataa kunirudishia. Nikianza kurudia kofia sitafika popote.

Nilikuwa naondoka nyumbani kwa mwanangu Gwamaka, fundi baiskeli. Nilimwambia naenda Karonga kumsalimia rafiki. Uongo. Nilikuwa naondoka moja kwa moja, kwa sababu asubuhi ile nilimsikia mke wake, Sekela, akisema jikoni kwamba muda wangu umetosha.

Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, navaa viatu. Alisema hivi: "Baba Lusungu, miezi sita inatosha. Hata mmoja zaidi siutaki, nitachoka mimi."

Gwamaka akajibu, "Sawa. Sita ni sita."

Nikahesabu kwa vidole. Nilifika wiki ya Pasaka, na sasa ilikuwa Oktoba. Sita kamili. Kiatu cha pili nilikifunga kamba nikiwa nimeshaamua.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumwendea nikamwuliza. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto humwogopa baba mkwe kwa heshima, tunaita kutila. Wasichana wengi siku hizi wameacha. Sekela alilelewa na bibi yake kule Makwale, na bibi alimkabidhi jambo hili kama anavyokabidhiwa mtu ufunguo wa nyumba. Alinisalimia akiwa nje ya mlango, uso ameuelekeza kwenye migomba. Chakula aliweka chini, akagonga ukuta, akaondoka. Alinisemesha kama watu wawili, mmeamka, mmekula. Jina langu hakulitamka, wala neno lolote linalofanana nalo. Zahanati wakimwuliza jina la ukoo wa mumewe, anatoa kadi wajisomee. Kwa utaratibu huo, mazungumzo ya "je, umenichoka?" hayana pa kuanzia.

Na nilitaka kubaki. Hilo ndilo lililoniuma. Nina miaka sabini na miwili, na ile ilikuwa nyumba ya kwanza ambayo sikuamka nikiitazama barabara. Nilikuwa nakaa kibarazani, Sekela ndani karibu na dirisha, anafuma vitambaa. Sindano yake ina ndoano ndogo kama ya kuvulia dagaa mmoja mmoja. Anaanza na kijiduara cha kuingia ncha ya kidole, anazunguka, anazunguka, linatoka ua, ua linatoa majani, mpaka kitambaa kinakuwa kipana kama ungo. Halafu anakivuta ndani ya chuma cha gurudumu la baiskeli kilichopakwa rangi nyeupe, anakifunga kwa uzi kupitia matundu ya spoku, kinakaza kama ngozi ya ngoma, kinatundikwa. Gwamaka ndiye aliyempa vyuma, vya baiskeli zilizokufa. Mimi niliviita vitambaa tu. Yeye aliviita nini sikujua, maana zaidi ya salamu hakuongea mbele yangu.

Basi. Pale njia panda bajaji ikasimama akapanda Felista. Anauza uzi sokoni Kyela. Mama yake ni mtu wa Karonga, kwa hiyo mpaka kwake ni kama uzio wa jirani.

"Mzee Mwakalinga, safari?"

"Safari."

"Na begi lote hili? La kusalimia au la kuhama?"

"Begi ni begi."

"Ambrose, umesikia? Mzee ana begi la siri."

Ambrose, dereva, alijibu bila kugeuka. "Limekaa kama abiria tangu Mbugani. Nilitaka nilisalimie."

Felista alifungua karanga, akanimiminia kiganjani bila kuniuliza. "Mimi nakwenda kuchukua uzi. Mkweo kanimalizia mweupe wote. Wiki nzima Felista uzi, Felista uzi, miezi sita haijatimia."

Nikamrudishia karanga. Hata muuza uzi anajua. "Kumbe ameshatangaza mpaka sokoni," nikasema.

"Asitangaze kwa nini? Ni jambo la kujivunia."

"Kunifukuza ni jambo la kujivunia?"

Akaacha kutafuna. "Nani kakufukuza?"

Nikamweleza nilichosikia, na Pasaka, na vidole nilivyohesabia. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa. Kisha akamgusa dereva bega. "Ambrose, simamisha. Nikicheka hivihivi nitadondoka barabarani."

Ambrose akaegesha pembeni ya mikeka ya kokoa iliyoanikwa. Felista alicheka hadi mwenye kokoa akatoka ndani kuangalia. Alipopata pumzi, akanikazia macho kama mwalimu.

"Mzee, jina lako la ukoo nani?"

"Unalijua."

"Litaje."

"Mwakalinga."

"Na kile chuma cha gurudumu, ukitoa tairi, ukitoa spoku, sisi wa Kyela tunakiitaje?"

"Lingi," nikasema. Redioni wanasema ringi, lakini ulimi wa Kinyakyusa haujawahi kupatana na herufi ile.

"Rudia, taratibu."

"Lingi."

Nikayaweka pamoja kichwani. Mwakalinga. Lingi.

"Ehe," Felista akasema. "Mwanamke kazi yake yote iko kwenye kitu asichoweza kukitaja. Akajaribu mviringo, ni kulekule, mvilingo. Akaangalia, akaona ni cheupe, cha duara, kinatundikwa juu. Akakiita mwezi. Soko zima tunaita mwezi. Beatrice mpambaji wa kumbi kaagiza miezi ya harusi ya Jumamosi, alitaka minane. Mkweo kasema sita inatosha, maana mikono anayo miwili."

Ambrose alikuwa ameinamia usukani anajifuta macho kwa kile kitambaa cha kufutia kioo. "Kwa hiyo mimi nimembeba mtu anayelikimbia jina lake mwenyewe," akasema.

"Geuza," nikamwambia.

"Hageuzi," Felista akasema. "Kwanza mimi nifike mpakani. Pili, usirudi mikono mitupu. Ule mwezi wa mwisho, wa sita, hauna chuma cha saizi yake. Gwamaka kampa cha namba ishirini na nne, wenzake ni ishirini na sita. Utaonekana kama mtoto kasimama katikati ya maaskari."

Kasumulu nilimkuta fundi mwenye lundo la vyuma chakavu. Nikachagua cha ishirini na sita, kimepinda kidogo. Hakutaka kitu, nilikaa nikamzibia tyubu mbili, kazi niliyojifunza Mbeya kabla hajazaliwa, tukawa sawa.

Nilifika Mbugani mchana, chuma nimekivaa begani. Sekela alikuwa uani nyuma ya nyumba, amezungukwa na kazi zake. Mitano imekamilika, imeegemezwa kwenye ukuta. Nikakohoa. Akavuta kanga, akageukia migomba kama kawaida.

"Nimeleta mwezi," nikasema.

Sindano ikasimama. Mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikaogopa nimemliza. Kumbe sivyo. Aliokota mmoja uliokamilika, akauinua mbele ya uso wake kwa mikono miwili, ndipo akanigeukia. Miezi sita nimekaa pale, ilikuwa mara ya kwanza tunatazamana. Kupitia matundu ya lile ua niliona meno.

"Tata," akasema, yaani baba, "mmeutungua wapi huo?"

"Kasumulu. Umepinda kidogo."

"Wekeni hapo. Unanyooka."

Nikaona nikinyamaza nitakuwa mwizi. Nikamweleza yote, nilivyosikia ukutani, begi, Karonga. Alisikiliza bila kushusha kile kitambaa. Kicheko kiliisha.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaondoka bila kurudi."

"Nilikuwa naondoka."

"Tata, mimi nawaogopa kwa heshima. Kuwachoka ni kitu kingine, na sijakifikia." Akakigusa kile chuma kwa mguu. "Halafu watu wameanza kuagiza. Gwamaka hana muda wa kunyoosha vyuma. Nani ataninyooshea?"

"Nitanyoosha."

"Ndaga fijo," akasema, asante sana, kwa Kinyakyusa cha bibi yake.

Nikatafuta gogo na nyundo. Chuma kilipokubali, tulikipaka rangi, tukakianika juani. Saa kumi tulianza kufunga. Mimi nilishika upande huu, yeye upande ule, kitambaa katikati yetu. Alipitisha uzi tundu baada ya tundu, akivuta.

"Kazeni," anasema. Nakaza.

"Legezeni kidogo, ua linanuna." Nalegeza.

Nikamwambia hili la upande wangu limenuna toka mwanzo, akasema linafanana na aliyelishika. Hivyo ndivyo nilivyojua mke wa mwanangu ana mdomo.

Gwamaka alirudi kutoka kwenye karakana yake, akasimama na baiskeli mkononi. Alitazama begi langu ukutani, akatutazama sisi.

"Baba, si ulikuwa unaenda Karonga? Na hiyo lingi umetoa wapi?"

Sekela akajificha nyuma ya kitambaa.

"Tumia lugha ya adabu," nikamwambia. "Humu ndani unaitwa mwezi."

Harusi ilifungwa Jumamosi. Ile sita ilitundikwa juu ya meza ya maharusi, mmoja ukaanguka wakati wa keki, haukumpata mtu. Beatrice aliagiza mingine kumi. Felista amehamia kibanda cha karibu na lango la soko, bado anauza uzi. Ambrose aliuza bajaji, analima kokoa Makwale. Bibi yake Sekela alifariki mwaka jana. Gwamaka ameongeza ufundi wa pikipiki. Mjukuu wangu Lusungu yuko darasa la tatu. Sekela ananisemesha kila siku, akiwa na kitambaa mkononi. Mimi nilikwenda Karonga mara moja, nikakaa siku nne, nikarudi. Huu ni mwaka wa tatu niko Mbugani.