Mlango wa Karakana ya Verna

Verna Tollefson alikuwa anachomelea fremu ya trela wakati Royce Hadlock alipoingia karakanani bila kubisha, ameshika kitu kilichofungwa kwenye tambara. Verna hakuzima moto. Alimaliza mshono wake kwanza, kisha akainua barakoa taratibu.

"Jirani, niokoe," Royce alisema, akalifungua tambara mezani. Kilikuwa kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki, kimepasuka ubavuni. "Mbweha wananimalizia ndama. Fundi mwenye leseni yuko mjini Billings, na huyo atanikalisha miezi nikingoja. We nichomelee tu, kesho nakipitia."

"Kimesajiliwa?"

"Kimesajiliwa serikali kuu, kwa jina langu peke yangu. Kwani we nani, sherifu?" Akacheka.

Verna naye alitabasamu. Royce angejua tabasamu lile lilikuwa la nini, angebeba kitu chake akakimbia.

Kiangazi kilichopita, Pruitt, naibu wa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, alikuja kumtaka Verna aonyeshe karatasi za kiwambo alichoachiwa na marehemu mumewe, Orrin. Verna alimjibu hapo hapo mlangoni, mbwa wake Tater miguuni. "Jina langu limo pamoja na la Orrin. Karatasi zile ni za kodi ya usajili wake, ni siri yangu na serikali kuu. Wewe wa wilaya ukitaka kuingia, leta hati ya hakimu." Ilikuwa haki yake, na Pruitt alijua. Lakini alirudi na wenzake na hati, kwa kuwa mtu mmoja alikula kiapo kwamba Verna anaficha kitu cha magendo. Wakavunja mlango wa karakana. Tater alibweka, wakamuua kwa risasi chini ya meza. Walikuta kila kitu halali, wakaondoka bila hata pole.

Wiki ileile Royce akajitapa kwenye duka la chakula cha mifugo kuwa ndiye aliyemchongea yule mjane mbishi. Dunia haina siri. Maneno yalimfikia Verna kabla ya jioni.

Tangu siku hiyo alimchukia. Alimchukia akichomelea, alimchukia akila, na mpaka leo bado anamwekea Tater mfupa pembeni ya sahani kwa mazoea.

"Sina leseni ya vitu hivi, Royce," alisema, mikono kaiweka nyuma. "Na jina langu halimo kwenye karatasi zake. Sheria hairuhusu kibaki kwangu wewe ukiwa haupo; ni kosa la kufungwa. Chukua uende nacho."

Alisema mara moja. Hakukusudia kurudia.

"Acha uoga, dada. Nani atajua? Au unadhani nitakuchongea?" Royce akamgonga bega, akatoka, gari likatimua vumbi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Verna hakukigusa kile kiwambo. Alifunga gesi, akavua glavu, akapiga simu.

"Pruitt, ni Verna Tollefson. Kuna kiwambo mezani kwangu, mali ya Royce Hadlock. Nimemkataza, kakiacha, kaenda zake. Njoo ukione."

Pruitt akauliza, "Unaniruhusu niingie? Bila hati?"

"Leo bila hati."

Akakata simu. Akaenda kwenye mlango ule, ambao bawaba zake alizichomelea upya kwa mkono wake mwenyewe, akaufungua wote mpaka ukutani. Upepo ulitaka kuurudisha. Akachukua bakuli la maji la Tater, lile zito la chuma, akauzuia nalo.