Kura ya Walubengo

Mwezi wa tano mwaka 2007, Walubengo alitoka nyumbani kwake Saboti kwenda kupalilia mahindi katika shamba la kukodi, huko juu karibu na msitu. Hakurudi. Watu walinong'ona kwamba alichukuliwa na wale vijana wenye bunduki, waliochukua wanaume wengi mlimani mwaka huo. Mkewe, Nanyama, alizunguka kila mahali pa kuzungukia, mochari ya Kitale, mochari ya Bungoma, hospitali zote mbili. Kwenye kituo cha polisi waliandika jina la mumewe kwenye kitabu chao wakamwambia angoje. Alipochoka kungoja, alimchukua mtoto wao Kevin wakahamia Naitiri kwa mama mkwe.

Desemba, siku ya uchaguzi, alirudi Saboti kwa sababu jina lake lilikuwa huko. Hakuwa na mgombea moyoni. Mtu wa siasa alikuwa Walubengo. Ndiye aliyemburuta wakajiandikishe pamoja, akisema kura ni kitu cha kwanza serikali iliwahi kumpa bila kumwomba barua ya chifu. Nanyama alisimama kwenye foleni saa tatu nzima kwa ajili yake.

Karani alikuwa Kimotho, mwalimu aliyemfundisha Kevin darasa la pili. Alifungua daftari la wapiga kura, akaweka rula chini ya jina la Nanyama. Majina ya mke na mume yalifuatana. La Walubengo lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu.

"Mwalimu, hapa ni nani amekata?" Nanyama aliuliza.

Kimotho hakuinua macho. "Ameshapiga kura. Weka kidole."

"Nani ameshapiga?"

"Mama Kevin, foleni ni ndefu. Weka kidole hapa."

Alitia kidole kwenye wino. Aliweka alama kwenye karatasi, na baadaye hakuweza kukumbuka aliiweka wapi. Alitoka nje ya darasa la kupigia kura. Alisimama langoni mwa shule akiangalia kila mwanamume aliyepita, kwanza uso, halafu kidole. Kisha akampigia mama mkwe simu.

"Mama, Walubengo amepiga kura. Leo asubuhi, hapa Saboti. Nimeona jina lake limekatwa."

Nanyama alisikia simu ikiwekwa mahali, na sauti ya mama ikienda mbali, ikiita majirani mmoja mmoja kwa majina.

Siku mbili alikaa kwa jirani yake wa zamani, Chepkorir, akitembea na picha ya mumewe sokoni na madukani. Hakuna aliyemwona. Siku ya tatu matokeo yalitangazwa, na kabla jioni haijaingia moshi ulionekana upande wa barabara kuu. Asubuhi yake familia za Wakikuyu, kabila la Kimotho na la rais aliyetangazwa mshindi, zilianza kubeba magodoro kuelekea Kitale. Pikapu iliyowabeba Kimotho na mkewe ilisimama mbele ya lango la Chepkorir. Mwalimu alishuka peke yake.

"Sio yeye aliyekuja," alimwambia Nanyama. "Ni kijana mwingine. Wa miaka ishirini hivi."

"Alikuwa na kadi ya kura ya Walubengo?"

"Kadi na kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa kimeingia maji, picha imefutika nusu. Lakini jina nililisoma."

"Na wewe unamjua Walubengo."

"Namjua." Alitazama chini. "Walikuja naye kama kumi, wakasimama hapo wakiniangalia. Wanajua ninakaa wapi. Nikachora laini juu ya jina."

Siku zote Walubengo alikuwa akiweka kadi zile mbili ndani ya nailoni, kwenye mfuko wa ndani wa koti, na hata koti lilipofuliwa alizitoa mwenyewe. Nanyama aliketi kwenye ngazi. Aliyezichukua alikuwa ametia mkono humo, na Walubengo hakuwa amemzuia.

"Twende kituoni uandike statement," alisema.

"Nikifika mahali nikiwa mzima, nitaandika."

Kimotho na mkewe walifika uwanja wa maonyesho, Kitale, wakalala kwenye hema, na baadaye wakaondoka kwenda kwa wazazi wa mkewe, huko Nyeri. Nambari yake ya simu haikuingia tena.

Barabara zilipofunguka, Nanyama alirudi kwenye kile kituo cha polisi. Askari alitafuta jina kwenye kitabu, akakigeuzia upande wake asome. Mbele ya jina la Walubengo palikuwa pameandikwa: amepatikana. Mama mkwe, kwa furaha yake, alikuwa amemtuma mzee wa kanisa kwa chifu, na chifu akaleta barua ya kuthibitisha.

Nanyama alieleza yote, kijana, kadi, kitambulisho kilicholowa. Askari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Daftari la kura ni la serikali, mama. Linasema yuko. Wewe unasema hayuko. Sasa niandike ya nani? Lete huyo mwalimu."

Baadaye mwaka 2008, baada ya jeshi kupanda mlimani kuwasaka wale vijana, familia ambazo hazikupata miili zilianza kuzika migomba mahali pa watu wao, ili angalau kilio kiwe na siku yake. Wabwile, kaka mkubwa wa Walubengo, alitoka Bungoma mjini na kushauri wafanye hivyo. Alikuwa amekwisha kuchagua mgomba. Mama mkwe alisimama mlangoni akakataa.

"Mtazika mtu aliyepiga kura?"

Nanyama alimshika mkono, akamweleza tena maneno ya Kimotho, polepole, bila kuacha kitu. Yule mama alisikiliza, kisha akautoa mkono wake.

"Si wewe mwenyewe uliniambia," alisema. "Ulinipigia simu."

Wabwile alirudi Bungoma siku hiyo hiyo. Shimo halikuchimbwa. Shuleni, kwenye fomu ya watoto waliofiwa, Kevin hakuandikwa, kwa sababu chifu alikataa kutia muhuri. Na Jumapili kanisani Naitiri, wakati wa maombi, mama mkwe alisimama akaomba Mungu amlinde Walubengo popote alipo, amwonyeshe njia ya nyumbani. Watu wakasema amina. Nanyama, aliyeketi kando yake, alisema pia.