Skrubu Saba za Huseni

Dorothée hakumwamini fundi huyu hata kidogo. Mtu anaitwa atengeneze kompyuta, anafika na bisibisi mfukoni na kipande cha katoni kwapani, kama anakwenda kufungua injini ya Toyota! Lakini saa nne asubuhi ilikuwa imeshapita. Pale kwenye benchi la ofisi yao ya Kanyosha, wanakotafutiwa wazazi watoto waliopotea vitani, Pontien, baba wa Orlane, mmoja wa watoto hao, alikaa ameshika viatu vidogo vyekundu. Basi la kurudi kwao Rumonge lingeondoka saa nane, likisindikizwa na askari. Likimwacha, barabara inafungwa, na safari nyingine Mungu ndiye ajuaye.

Orlane yu hai, hilo walilijua. Analelewa na nani, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Jina lilikuwa kwenye orodha, orodha kwenye disketi, na kompyuta iliyoweza kuifungua waporaji waliibeba mwezi wa saba, mabomu yalipoanguka mjini. Hii ya kuazima ilikuwa kizee cha Linux kisicho na programu ile, na simu zilikatika, kwa hiyo intaneti sahau.

Dorothée alijaribu mwenyewe kwa CD mpya iliyotoka Ulaya. Programu ikagoma mpaka ipate kipande fulani cha programu nyingine. Kipande nacho kikadai mwenzake, mwenzake akadai mwenzake, mpaka mama wa watu akaenda kulia chooni Pontien asimwone.

Fundi Huseni, aliyekulia kwenye gereji za Buyenzi, hakumcheka. Alitandika katoni mezani. Kila kompyuta ilipotaja kipande kinachokosekana, aliandika jina lake na kuweka skrubu juu yake, vile baba yake alivyopanga skrubu za injini: ya mwisho kutoka ndiyo ya kwanza kurudi. Vipande vikafika saba. Sita alikuwa navyo kwenye disketi zake. Kile cha saba, kilichobeba vyote, CD mpya ilikuwa nacho, na Dorothée akamsogezea haraka.

“Apana, mama,” alisema Huseni. “Hii mupya sana, huyu muzee hataiweza. Nionyeshe kompyuta zenye zilikufa.”

Zilizokufa! Stoo kulikuwa na moja, rika la huyu kizee, iliungua zamani na sasa imebeba bidoni, dumu la maji. Huseni aliifungua, akatoa diski yake, akaiunganisha, akachimba. Kipande kilikuwemo. Dorothée alitazama skrubu zikiondoka katonini moja baada ya nyingine, akaona haya kwa mawazo yake ya asubuhi. Mikono ile ilikuwa na adabu, jamani, hata kwa chuma kibovu.

“Kitu hakikufake chote,” Huseni alimwambia, yaani hakuna kinachokufa chote.

Saa sita na robo orodha ikafunguka: Orlane, kwa Mwavita, Buterere. Huseni alimpakia Pontien kwenye pikipiki yake, wakapotea kwa vumbi.

Walirudi zikibaki dakika kumi, mtoto katikati yao, miguu mitupu. Viatu havikuingia. Baba alivinunua kwa mguu aliouacha miaka mitatu nyuma, na sasa alikuwa akimwomba mtoto msamaha huku machozi yanamtoka.

Huseni akachukua katoni yake, akaigeuza upande usioandikwa, akamsimamisha Orlane juu yake. Akapiga magoti, akauzungushia mguu kalamu polepole, akampa baba katoni.

“Utanunua vya huu,” alisema.