Kisiki cha Grivelia

Priscillah alikuwa amechoshwa na watu. Michai yake huko Sosiot ilikuwa inakauka mmoja baada ya mwingine, na kila aliyepita kunywa chai alikuja na dawa yake. Mongina, jirani asiyekosa sufuria ikichemka, alisema majivu. Kuria, shemeji yake, akasema mbolea. Vyote vikamwagwa shambani. Wiki hiyohiyo michai mingine saba ikanyauka.

Jumamosi akaja bintiye Shirley, anayesomea magonjwa ya mimea. Aling'oa shina moja, akabandua gome. Ndani mlikuwa na utando mweupe unaonuka uyoga.

"Ni kuvu, mum. Inatoa kimeng'enya."

"Sasa wewe nawe! Ongea kitu naelewa."

"Ni kitu inayeyusha mzizi. Lakini peke yake inashikwa, kwa sababu mti uko na protini za kuizuia. Sasa kuvu inatuma protini ingine inashikana na hiyo ya kwanza, inaikinga. Zikiwa mbili, mzizi umeenda."

Priscillah akawageukia wageni wake waliokuwa wakinywa chai. "Kumbe ni kama hawa. Mongina akija na umbea wa ndoa ya mtu peke yake, unamnyamazisha. Kuria akisema 'hata mimi nilisikia', hiyo ndoa imekwisha."

"Ai, shemeji!" Kuria akacheka, asiinuke.

"Na imetoka wapi?" Priscillah akamuuliza bintiye.

Shirley alinyoosha kidole. Wote wakatazama alipoketi Kuria: kisiki cha mti wa grivelia uliokatwa na marehemu Gachanja, mumewe Priscillah. Alikuwa amekiacha makusudi, akisema wageni wa mke wake wapate pa kukaa.

"Hapo chini ndipo inakula, halafu inatambaa kwa chai," Shirley akasema. "Msipokitoa, shamba yote itaisha."

"Kitolewe?" Mongina akaruka. "Na tutakaa wapi?"

Priscillah alihesabu michai iliyobaki ya kijani. Kisha akachukua jembe.

"Kuria, toka."

"Wacha nimalize kikombe, Mama Shirley..."

"Mwaka mzima umekalia ugonjwa ukiniandikia dawa! Inuka!"

Kuria aliinuka. Jembe akapewa yeye.

Kufikia saa kumi alikuwa shimoni hadi kiunoni, mizizi yenye weupe imerundikwa tayari kuchomwa. Mongina aliketi nyasini na kikombe chake, akaanza habari za pasta mmoja wa Kapsoit.

"Ngoja kwanza," Priscillah akamkata. "Kuria, huo mzizi mmoja umeuacha. Chimba."