Mlo wa Kwanza ni wa Ardhi

Mimi si mtu wa kuficha mambo, lakini siku ile ya kwanza ya Agosti nilificha, na nusura nimzike mume wangu.

Hapa Cafayate, kaskazini mwa Argentina, tunasema Julai humwandaa mtu, Agosti humchukua. Eleuterio wangu alikuwa akikohoa tangu Juni, mbavu zinahesabika. Mama yake, Petrona, akanionya mara moja tu.

"Mwaka huu Pachamama ale vizuri, mkamwana. Huyu mwanangu hana nguvu za kubishana na Agosti."

Kumlisha Pachamama, yaani Mama Ardhi, ni hivi: saa sita mchana tunafukua shimo uani, tunampa chakula na kinywaji, ndipo na sisi tunakula. Yeye kwanza. Mpishi haonji hata chumvi, anapika kwa macho.

Sasa hapo ndipo kiburi kiliponiponza. Mwaka ule Eleuterio alikuwa ametoa mvinyo mweupe wa zabibu za torrontés, mkavu kuliko wote tuliowahi kutengeneza. Ni mvinyo mjanja. Ukiunusa, ni waridi na ganda la chungwa. Ukiutia mdomoni, sukari hakuna hata chembe. Mpishi gani asingetaka kujua utakwenda na nini? Jibini ya mbuzi, sawa, hilo hata mtoto analijua. Lakini empanada zangu, sambusa za kuoka zenye nyama, viazi, jira na pilipili? Saa nne, peke yangu jikoni, nikachomoa moja tanurini, nikaila, nikashushia na funda la mvinyo. Mafuta yakaondoka ulimini, pilipili ikatulia, jira ikabaki. Nikacheka peke yangu kwa raha.

Eleuterio akaingia, akanisogelea. "Unanukia maua," akasema.

"Nenda kalale, mzee. Unanikoholea unga."

Nikafunika empanada kumi na mbili za ardhi kwa kitambaa.

Saa sita nikapiga magoti kando ya shimo, nikafunua. Kila empanada ilikuwa imeng'atwa mara moja. Na katikati ya kila alama ya meno palibaki kijipande kizima, mahali pasipo na jino. Pengo lile nalijua. Ninalo mdomoni tangu siku niliyopigwa teke na punda. Lakini wageni walikuwa wamenizunguka, nami nikaona haya. Nikazishusha upesi kwa mikono miwili, nikazifunika kwa majani ya koka.

Mama Petrona akamimina mvinyo. Ardhi yetu ilikuwa haijaona mvua tangu Aprili, ingekunywa hata mate. Haikunywa. Mvinyo ukakaa juu ya udongo kama uliomwagwa kwenye sahani, unang'aa juani. Mbwa wakainuka mmoja mmoja, wakaondoka uani.

"Nani ametangulia kula?" Mama Petrona akauliza.

"Labda mbwa," akasema jirani yetu Baudilio. "Ona wanavyokimbia."

Nilinyamaza. Naona aibu kuliandika, lakini nilinyamaza.

"Ni mimi, mama," akasema Eleuterio.

Mvinyo ukaanza kuzama, polepole. Na kadiri ulivyozama, kikohozi kikamkaba. Akainama, akapiga magoti, akawa anavutwa kuelekea shimoni, paji la uso karibu liguse udongo. Baudilio akamshika mkanda, akashindwa kumwinua. Mwanamume mzima asiyefika kilo hamsini, naye Baudilio anabeba mapipa.

"Mwongo huyu!" nikapiga kelele. "Ni mimi niliyekula. Mimi, na mvinyo nikanywa. Mwachie mume wangu."

Mvinyo ukasimama. Kisha ukaingia ardhini wote kwa mkupuo, kwa sauti tuliyoisikia sote, sauti ya koo linalomeza. Eleuterio akavuta pumzi ndefu. Hakukohoa tena siku ile, wala kesho yake.

"Ameridhika," akasema Mama Petrona, akinitazama mimi. "Kaa ule, mkamwana."

Nikala. Empanada ilikuwa ya moto mdomoni, basi. Jira sikuisikia, pilipili sikuisikia. Nikainua glasi: maua yote yapo puani. Nikanywa, na ulimini hapakuwa na kitu.

Huu ni mwaka wa tisa. Eleuterio yu hai, ana kitambi na anakoroma. Kila nikipika humpa kipande na funda, nikamtazama mdomo.

"Vinaendana?"

"Vinaendana, Casilda. Kama siku zote."

Nilimwamini. Jumapili iliyopita binti yetu alikuja kututembelea, akang'ata empanada moja, akaitema kiganjani.

"Mama, hii ni chumvi tupu."

Nikageuka kumtazama Eleuterio. Alikuwa ameshakula sita, naye anachukua ya saba.