Nafasi ya Mhina

Usingizi hauna adabu. Humjia mtu popote, hata juu ya jiwe la baridi, hata akiwa na brashi mkononi na moyo unamdunda. Ndivyo unavyomjia Staamili Jumamosi hii hapa mwambani, juu ya mji wa Lushoto, akiwa na wenzake wa kikundi cha kuchora, kila mmoja na kibao chake mapajani na kopo lake la maji pembeni. Hakupanga kulala. Anangoja karatasi ikauke, basi, na kungoja karatasi ikauke katika ukungu wa mwezi wa saba ni kazi inayoweza kumlaza hata mwenye deni la kulipa kesho.

Watu wa rangi za maji, ujue, hawapaki rangi nyeupe. Weupe ni karatasi yenyewe. Unaizunguka kwa rangi bila kuigusa, na ukishaipitishia maji machafu umeipoteza, ulie usilie. Sasa Mhina, mume wa Staamili, hachori. Yeye hufuatana na kikundi kubeba chupa ya chai na kupiga soga, kisha hukaa juu ya jiwe moja mbele ya wote, na shati lake jeupe, anautazama mji bondeni, mpaka imekuwa desturi: kabla ya mbingu, kabla ya milima, kila mchoraji anamwekea Mhina nafasi. Anaacha kidoa kikavu kadiri ya punje ya mchele, na hicho ndicho Mhina. Kiongozi wao, Shemhilu, ambaye mikono yake imechakaa kwa kuandika mabango ya maduka, hupita nyuma ya migongo akiuliza, Shemeji mmemwekea nafasi? Wote humwita shemeji. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtia uso, maana walikubaliana tangu mwanzo kwamba Mhina haguswi. Leo Staamili anataka kumgusa. Jumatatu Mhina anapelekwa Dar es Salaam kupasuliwa moyo, na daktari alipoulizwa kama atarudi alisema tumwombe Mungu, na daktari akishakuelekeza kwa Mungu jua yeye amefika mwisho wa barabara yake. Mtoto hawana, wa kumtazama mtu akamwona baba yake. Dawa Staamili hana, ujuzi hana, ana brashi tu. Kwa hiyo amechukua karatasi kubwa, nafasi ya Mhina ameiacha pana kama kiganja, amchore uso abaki nao. Shemhilu amejikuna kichwa, akasema haya dada, mara hii tu, lakini ngoja ikauke. Pima kwa mgongo wa vidole. Ikiwa baridi, bado mbichi, na ukigusa mbichi uso utakukimbia. Staamili amepima, baridi. Amepima tena, baridi. Amefumba macho kidogo tu.

Anapopima safari nyingine vidole haviishii kwenye karatasi. Vinazama, mkono unafuata, bega linafuata mkono, na mara yumo ndani ya barabara aliyoichora mwenyewe asubuhi, barabara ya udongo mwekundu ambayo haijakauka, kila akinyanyua mguu nayo inanyanyuka kidogo, inamng'ang'ania kisiginoni. Juu kuna Lushoto, chini kuna Lushoto nyingine iliyopinduka, paa limegusana na paa, mnara na mnara, na watu wa juu na watu wa chini wanatembea nyayo kwa nyayo bila kusalimiana. Staamili anajua anachotafuta, anatafuta jiwe. Akilipata jiwe amempata Mhina, na akimpata atamtazama vizuri kabla ya Jumatatu. Lakini barabara inakwenda ikigawanyika, mbili, kisha nyingi, zote zinapanda mlima na zote zinarudi bondeni, na kila anayoichagua inaishia pale pale alipoichagulia. Kwenye njia panda amesimama mwanamke mwenye kanga ya Zubeda, yule muuza dawa mwenzao wa kikundi, kanga yenyewe, mikono yenyewe, hata bangili, lakini usoni hakuna kitu, laini kama sahani iliyooshwa. Staamili anamuuliza, Zubeda mdogo wangu, jiwe la Mhina liko wapi? Yule anasema, Kitendawili. Na Staamili, kwa kuwa mdomo uliozoeshwa utotoni haujui kukataa, anajibu, Tega. Yule anasema, Kipo kwa sababu hakikuguswa. Jibu Staamili analo, nani katika kikundi asiyelijua, anaishi nalo kila Jumamosi, lakini ulimi umemlalia mdomoni kama ugali wa jana. Umeshindwa, anasema asiye na uso, nipe mji. Staamili anatoa ulio mbali na moyo, au anaodhani uko mbali. Nakupa Mombo. Nilikwenda Mombo, anasema yule kwa sauti ya Zubeda ya kuimbaimba, nikala, nikanywa, nikapewa na tandiko, na jibu lake ni weupe wa karatasi. Akimaliza tu kusema, Mombo inafutika. Staamili anaisikia ikitoka kichwani mwake, soko la nyanya, mizani, na kijana mwenye meno ya kucheka aliyemzidishia nyanya kwenye ndoo halafu akaomba jina lake. Alikuwa nani yule kijana? Anajua alikuwa nani. Haioni sura yake, basi.

Anakimbia, na kukimbia huko ni kwa ndotoni, miguu mingi safari ndogo. Kwenye njia panda nyingine, au ni ile ile, amesimama mwanamume mwenye vidole vya rangi vya Shemhilu, na kofia yake, na uso hana. Kitendawili. Tega. Ukikifungulia njia hakirudi kilikotoka. Staamili anasema umri. Hapana. Anasema neno. Hapana, umeshindwa, nipe mji. Analia, anamwambia kaka Shemhilu unanijua, mimi ni Staamili, nifanyie huruma, lakini huruma haikai palipokosa macho. Anampa Tanga. Na jamaa anakwenda Tanga, anakula, anakunywa, anasema jibu lake ni maji, na chumba cha kupanga cha Ngamiani kinafutika pamoja na kitanda cha kamba, na kicheko cha mtu aliyekuwa akikoga uani huku akiimba vibaya makusudi. Sasa ukungu umepanda mpaka magotini. Wa mwisho amekaa chini, wala hana nguo ya mtu yeyote amjuaye. Anasema, Kitendawili, nikimgusa nampoteza, nisipomgusa simpati. Staamili anatikisa kichwa. Nipe mji, anasema yule. Umebaki mji mmoja tu, mji wa nyumba yao, wa kitanda chao na shati linaloning'inia msumarini, na mama wa watu anajishika kifua anasema, Lushoto sitoi. Chochote, ila Lushoto sitoi. Yule hakasiriki. Anajisogeza ampishe. Anasema, Basi pita hivyo hivyo.

Na jiwe lile pale. Lilikuwa hapo siku zote, kumbe. Mhina amekaa juu yake, shati jeupe, mikono myeupe, shingo nyeupe, na anapogeuka anageuka na weupe mtupu. Umekuja, mke wangu, anasema, na sauti ni yake, ndiyo inayomwumiza Staamili kuliko lolote. Nilidhani utachelewa. Staamili anapiga magoti mbele yake na brashi, anataka kuanza, na hapo ndipo anapogundua balaa lake: hakumbuki. Kidaka kile, kishimo cha shavuni kinachozama zaidi anapocheka, ni shavu la kulia au la kushoto? Nyusi zilikutana au hazikukutana? Ameamka ubavuni kwa uso huu maisha yake yote ya utu uzima, akiuona kama mtu anavyouona mlango wa nyumba yake, bila kuutazama. Anamwambia, Mhina, nisaidie, lipi shavu lako? Mhina anasema, Niache tu nilivyo. Si ndivyo mlivyozoea? Staamili anasema, Nikikuacha hivi nitabaki na nini? Mhina anainua bega moja kama kawaida yake akiulizwa habari ya hela au ya kufa.

Staamili anaweka mgongo wa vidole kwenye shavu. Baridi. Bado mbichi, anajiambia, ngoja, ngoja kidogo. Lakini huko juu mbingu aliyoipaka asubuhi nayo ilikuwa mbichi, sasa imeanza kuteremka, bluu yote ya Usambara inashuka mlimani polepole kama maziwa yaliyofurika sufuria, na inakuja hapa, kwenye palipo pakavu, kwenye nafasi ya Mhina. Anavua kanga anaitandaza njiani, kanga inalowa na maji yanapita. Anachimba kwa kucha, anaziba kwa mwili, anayateka kwa viganja na viganja vinavuja. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema nani, na aliyesema alikuwa amejaribu nini. Yanamfikia Mhina miguuni. Hapo Staamili hangoji tena. Anashika brashi na kumchora juu ya ubichi ule ule, jicho, jicho, pua, mdomo wenye kidaka shavu lolote lile, na kwa muda wa pumzi moja Mhina yupo, mzima, anamtazama, anatabasamu. Kisha macho yanaanza kushuka. Yanapita mashavuni, yanapita kidevuni, yanatiririka kifuani mwa shati. Si neno, anasema, mdomo nao ukiwa umeshafika shingoni. Si neno, mke wangu, umejitahidi.

Anazinduka na shingo inauma. Ukungu umefunga. Kibao kipo mapajani, karatasi ipo, na nafasi ya Mhina ni nyeupe, safi, haina tone. Anapima kwa mgongo wa vidole. Imekauka. Al-hamdulillahi, anasema kwa sauti, na kweli anacheka peke yake, mtu mzima kuogopeshwa na usingizi wa mchana. Mbele, juu ya jiwe, shati jeupe limekaa limewapa mgongo, kichwa kimeinama kidogo, chupa ya chai miguuni. Staamili anachovya brashi. Anamwita, Mhina, geuka nikuone, nianze. Shati haligeuki. Anamwita tena, kwa jina la mzaha analomwita wakiwa ndani tu, na wenzake wanaacha kuchora. Shemhilu anakwenda pale jiweni, anainama, anaushika mkono wa Mhina, anatafuta mapigo, anaurudisha pajani taratibu. Anasema, Dada Staamili, acha hiyo brashi, njoo. Na kwa ule ukungu Staamili anaiona kofia yake, anaviona vidole vyake vya rangi, na uso hauoni. Zubeda anamshika kiwiko, analia, na Staamili anapomgeukia anaona kanga, anaona bangili, na juu ya kanga pana weupe tu unaotoa sauti ya kilio.

Anajua sasa aliko, au anaomba ajue. Anakwenda jiweni mwenyewe, hataki kushikwa. Hazunguki mbele kumtazama. Ananyoosha mkono kutoka nyuma, anaweka mgongo wa vidole kwenye shavu la mumewe, na hapo hapo vinakutana na kidaka. Ni shavu la kushoto. Ni baridi.

Msimguse, anawaambia. Bado mbichi. Shemhilu anaanza kusema neno na Staamili anamkatiza kwa mkono. Anajiweka juu ya jiwe kando ya Mhina, bega kwa bega, anaukazia macho ukungu mahali mji ulipo, na anasema kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mchezo wa watoto, Nimeshindwa. Nawapa Lushoto. Nyumba na kila kitu, chukueni. Kisha anangoja mmoja wao aseme kwamba amekwenda Lushoto, akala, akanywa. Zubeda anaendelea kulia nyuma yake, na bondeni kumefunga kabisa, hata paa moja halionekani, wala hajui kama mji umechukuliwa au bado upo.